Shampioni wa Rumonge

Pua yake ilikuwa imelala upande wa kushoto, na sikio la upande huohuo lilikuwa limejikunja kama jani la tumbaku lililokaa juani. Sisi wa mtaa wa Waswahili wa Rumonge, ukingoni mwa ziwa Tanganyika, tulimwita Shampioni. Neno hilo alikuja nalo mwenyewe, na kuna watu waliokua wakidhani ndilo jina alilopewa na baba yake. Alikuwa Mpolandi. Kabla ya vita kubwa ya Wazungu alikuwa bingwa wa ngumi wa nchi yake mara mbili, katika uzani wa wanaume wepesi. Kwetu alikuwa fundi wa mashine za kukamua mawese, na jioni, akishanawa grisi, alifundisha vijana ngumi kwenye kiwanja cha mchanga nyuma ya kiwanda.

Mimi nilikuwa mshonaji. Nilikuwa na cherehani yangu barazani kwa mama, hatua chache kutoka nyumba ya Shampioni, na nilimfahamu kwa sababu ya glavu. Alikuja siku moja na kipande cha turubai la lori, akaniomba nimshonee kitu alichokichora kwa mkaa juu ya ubao. Nilidhani ni mfuko wa chumvi. Akaingiza mkono wake mle ndani, akakunja ngumi, akajigonga kifuani taratibu mara mbili, ndipo nikaelewa. Tulijaza sufi. Jozi ya kwanza ilipasuka siku ileile, na kaka yangu Saleh akarudi nyumbani na sufi kwenye nywele kama mtu aliyelala chini ya msufi. Ya pili niliishona kwa uzi wa nyavu, ikadumu.

Tangu hapo aliniita Dada Fundi. Kiswahili chake alikipata kwa wafanyakazi wa kiwandani, waliotoka Kongo na Kigoma na milimani, akakichanganya chote bila kuona haya. "Dada Fundi, amahoro," alisema kila asubuhi akipita, akinitakia amani. "Iko muzuri?" Nami nikamjibu iko muzuri, hata siku ambazo haikuwa.

Jambo ambalo watu wa Rumonge hawakulikubali kamwe ni kwamba alipigana bure. Mzee mmoja mwuza ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, alimwuliza mbele ya watu wote: "Ulikuwa shampioni, lakini hawakukulipa?" Shampioni akaeleza kwamba ngumi zake zilikuwa za ridhaa, kwamba mtu alipigania klabu yake na nchi yake, na aliyelipwa alifukuzwa. "Sasa ulipata nini?" akauliza mzee. Shampioni akahesabu kwa vidole: saa ya mezani, kitambaa cha suti, baiskeli moja, bilauri sita za kioo ambazo tano zilivunjika kwenye treni. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Naye akacheka pamoja nao. Halafu akaingia ndani, akatoka na kopo la skrubu, akalimwaga mezani, akachakura, akatoa medali ya shaba iliyoingia kutu kijani. Aliipata katika mashindano ya Ulaya, akiwa na miaka ishirini na mbili. Mwuza ndagala aliigeuza huku na huku, akaipima uzito kiganjani, akamrudishia mwenyewe. Shampioni akairudisha kwenye skrubu.

Habari za ngumi zake alizisimulia kwa furaha, na mara zote alisimama ili azisimulie. Alianza kama kijana wa kiwanda cha kufuma nguo, katika klabu iliyofanyia mazoezi ghalani. Pambano la kwanza alipoteza. Ndilo lililompa ile pua. Kocha wake alimwambia: "Umeona namna inavyouma? Basi jifunze isikupate." Maneno hayo yalikuwa shule yake yote. Hakuwa na nguvu nyingi, alisema, ila alijifunza kutokuwepo. Ngumi ikija, yeye hayupo. Alishinda mwaka huo, akashinda uliofuata, akavaa rangi za nchi yake Berlin na Budapest. Alishinda kwa pointi karibu siku zote. Mara moja tu ndiyo aliangusha mtu chini akazimia, naye akapiga magoti kando yake akampepea kwa taulo mpaka refa akamkemea. Kulikuwa na Mhungaria mmoja aliyemshinda kwa pointi moja, na Shampioni hakumsamehe kamwe. Akifika kwenye habari za Mhungaria huyo alikuwa anasimama katikati ya uwanja wetu, kuku wakimkimbia, akiturudia raundi ya tatu yote ngumi kwa ngumi, kisha anatugeukia: "Semeni ninyi. Nani alishinda?" Tulisema yeye. Tulisema hivyo labda mara hamsini.

Lakini hadithi zake zilikuwa na mwisho usioeleweka. Zilikwenda mpaka kiangazi fulani, kabla vita haijaingia mjini kwao, halafu zikakatika. Ukimwuliza aliachaje ngumi, alikuwa anakumbuka kwamba kuna boli ya kukaza kiwandani.

Mtu aliyepata mkate wake wa sifa kwa kupiga watu hakuweza kuchinja kuku. Alimleta kwa mama amefungwa miguu, akageuka ukutani mpaka kazi imalizike. Na aliogopa maji. Tanganyika lilikuwa pale, mbele ya mlango wake, naye hakuwahi kuingia zaidi ya vifundo vya miguu. Wavuvi wa Magara walimwalika mara nyingi. Aliwajibu kwamba ziwa halina kamba za kujiegemeza. Alikuwa Mkatoliki, alikwenda misa kila Jumapili na tai iliyomkaba, lakini mwezi wa Ramadhani hakunywa maji mbele ya vijana wake. Alikuwa anakwenda nyuma ya tangi la mafuta, anakunywa huko, anarudi akijifuta midomo kama mwizi.

Kwenye mafunzo alikuwa mkali kwa jambo moja tu, kichwa. "Kichwa iko nyumba yako," aliwaambia. "Mutu asiingie bila hodi." Aliyepigwa kichwani mara mbili mfululizo alitolewa, hata kama anashinda. Taulo lake jeupe alilibeba begani muda wote, na alilitupa ulingoni mapema kuliko kocha yeyote. Watu waliokuja kuona damu walimzomea. Hakujali.

Saleh alikuwa kijana wake bora. Nasema hivyo si kwa kuwa ni kaka yangu. Alikuwa karani wa mizani kiwandani, mwembamba, mwenye mwandiko mzuri, na miguu yake ilikuwa haikai mahali. Shampioni alimtazama akiruka kamba jinsi mama anavyomtazama mtoto akila.

Mwaka wa uhuru, sitini na mbili, mwezi wa saba, Rumonge ilijaa watu. Ngoma ziliteremka kutoka milimani, wanawake wa mtaa wetu walivaa vitenge vya sare ambavyo nusu yake nilivishona mimi, na kwenye kiwanja cha mpira ukafungwa ulingo wa kamba za meli. Alikuja bondia kutoka Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati ule, kijana mnene wa kifua aliyeogopwa. Saleh alimchezea raundi mbili kama anavyotaka. Watu walikuwa wanaliimba jina lake. Katika ya tatu, vichwa viligongana, nyusi ya Saleh ikapasuka, damu ikamwingia jichoni. Bado alikuwa anaongoza. Zilibaki kama dakika mbili. Taulo likaruka.

Nilimwona Saleh akiliangalia lile taulo pale chini kama mtu aliyeona nyoka. Alishindwa siku ya uhuru, mbele ya Rumonge nzima, akiwa hajashindwa. Kwa wiki tatu hakumsemesha Shampioni. Naye kila jioni alikuja na mkungu mdogo wa ndizi, akaketi kizingitini kwetu, akaondoka. Mwishowe mama ndiye aliyechoka.

"Saleh, toka umusikilize huyu mutu. Ndizi zinatuozea."

Saleh akatoka. Alisimama mlangoni, bandeji kwenye nyusi.

"Nilikuwa ninashinda," alisema.

"Ulikuwa unashinda," Shampioni alikubali.

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu jicho moja ilikuwa haioni. Miaka kumi mbele, utakuwa na bibi, na watoto, na utaandika kwa macho mawili. Siku ile utasema murakoze, utanishukuru."

Saleh alicheka bila kutaka, na mambo yakaisha. Alipigana miaka mingine mitano, akashinda sana, akaacha akiwa na macho yake mawili. Alioa. Mkewe alifariki akijifungua, na mtoto naye hakukaa. Akarudi kuishi nasi kwa mama. Jioni alimsaidia Shampioni kufundisha wengine. Na hiyo miaka kumi ikafika.

Mwishoni mwa Aprili, mwaka sabini na mbili, walitokea watu wenye mapanga. Wengine walisema wametoka ng'ambo ya ziwa, wengine walisema ni wa humuhumu. Waliua watu, wake kwa waume, na majirani zetu wawili walikuwa miongoni mwa waliouawa. Tulijifungia ndani. Baada ya siku chache walifika askari wa serikali, tukadhani tumeokoka. Halafu askari nao wakaanza. Walichukua wanaume waliosoma, makarani, walimu, wenye duka, wanafunzi. Hawakuwachukua kwa kelele. Ilikuja habari tu kwamba fulani na fulani wanatakiwa ofisini na vitambulisho vyao, na waliokwenda hawakurudi, ila siku za mwanzo tulikuwa bado hatujajua kwamba hawarudi.

Jina la Saleh lilikuja asubuhi. Alinyoosha shati lake jeupe kwa pasi ya mkaa. Mama alimwambia asiende, ajifiche kwenye michikichi.

"Nikijificha watasema niko na kosa," alijibu. "Mimi ni karani wa mizani, mama. Nimepima mawese. Basi."

Shampioni alikuwa amesikia. Alikuja na tai yake ya Jumapili, amejikaba shingo, na taulo halikuwepo begani. "Ninaenda na yeye," alisema. Nakumbuka tulipumua. Tuliona Mzungu anakwenda naye, Mzungu anayejulikana, bingwa, ataeleza. Niliwatazama wakienda kwa barabara ya ziwani, mmoja mrefu mmoja mfupi, hawakuwa na haraka.

Jua lilikuwa limesimama utosini aliporudi peke yake. Mama alikuwa anachambua mchele. Aliinua uso, akamwona, akaendelea kuchambua, mikono ikienda upesi zaidi. Nilimpa Shampioni kigoda. Hakukaa.

"Walisoma majina," alisema. "Saleh aliitika 'prezan', niko, kama shuleni. Walikuwa wengi uwanjani, wamekaa chini. Nilikwenda kwa mukubwa wao. Nikamuuliza kosa yake ni gani. Nikamuambia huyu ninamujua, huyu ni mutu yangu. Akaniambia, muzee, rudi kwa mashine yako. Nikasema siendi bila yeye."

Alikuwa anaitazama mikono yake.

"Akanisukuma. Hapa." Alijigusa kifuani. "Hakunisukuma na bunduki. Na vidole mbili tu, Dada Fundi. Na mimi nilirudi nyuma. Mimi."

Mama akauliza, bila kuacha mchele: "Wamewapeleka wapi?"

"Wamewapandisha kamyo, lori kubwa. Hakuna mutu wa kuuliza, mama. Ngumi iko na refa. Hata kule Berlin ilikuwa na refa. Hapa nilitafuta refa, nilitazama kila upande."

Ndipo akatuambia kile ambacho hakuwahi kutuambia, akiwa amesimama juani, na sijui kama alikuwa anatuambia sisi. Wajerumani walipouteka mji wao, walikuja ghalani, kwenye klabu, wakati wa mazoezi. Walikuwa na karatasi. Walisoma majina kumi na moja, na kocha wake alikuwa wa pili. Yeye alikuwa amevaa glavu, kando ya mfuko wa mchanga, akingoja jina lake. Halikusomwa. Wenzake walitoka mmoja mmoja na jasho lao, kocha akamwambia afunge dirisha kwa sababu mvua inakuja, wakaenda. Hakurudi hata mmoja. Alisimama pale na glavu mikononi mpaka giza likaingia, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumfungua kamba.

"Tangu ile siku sikupigana tena," alisema. "Nilienda machimbo ya makaa ya mawe, kule Ubelgiji. Nikasema nitaenda mbali. Nimefika mbali, ninyi mumeona. Ni mbali sana hapa."

Mama aliweka ungo chini. Alikwenda akamshika mkono, yeye ambaye hajawahi kumgusa mwanamume asiye wa kwake, akamkalisha kwenye kigoda, akamletea maji. Hakuyanywa. Sote watatu tulikaa, na hakuna aliyelia, kwa sababu tulikuwa bado tunasema labda kesho.

Tulingoja siku nyingi. Saleh hakurudi. Askari walipoanza kuja kuuliza nyumba kwa nyumba nani mwingine yuko, mjomba akaja na mtumbwi wake alfajiri kutupeleka Kigoma. Shampioni alinibebea kichwa cha cherehani begani. Mtumbwi ulikuwa umekaa mbali kidogo na mchanga, na mimi, nikiwa bado ukingoni mwa maji, nikanyoosha mikono nikipokee, kwa kuwa nilijua haingii. Aliingia. Aliingia mpaka kiunoni, kisha mpaka kifuani, meno yakigongana, macho yamemtoka, akakiweka kichwa cha cherehani katikati ya mtumbwi kama anaweka mtoto.

"Panda," mjomba alimwambia. "Utabaki kufanya nini hapa?"

"Saleh akirudi," alisema, "nani atamufungulia mulango?"

Tulimwacha akiwa amesimama ndani ya maji.

Tuliishi Ujiji. Nilishona nguo za harusi na sanda, niliolewa, nilizaa, nilifiwa na mume. Miaka ilienda mingi. Mama alikataa kumsomea Saleh hitima. Mashehe walimweleza kwa upole kwamba muda umepita, kwamba haina dhambi. Aliwajibu kwamba asomewe aliyekufa, na yeye hajaambiwa na mtu kwamba mwanawe amekufa. Kisha akaugua, na siku moja akaniita kitandani akasema sasa amekubali. Ila anataka siku. Mwezi hakuuhitaji, wala tarehe; siku ya wiki tu aliyochukuliwa, ili asomewe siku hiyo.

Sikuijua. Wakati ule soko lilikuwa limefungwa, msikitini hakukusaliwa Ijumaa, kanisani hakukugongwa kengele, na siku zote za wiki zilikuwa zimefanana. Niliwauliza waliokimbia pamoja nasi. Kila mmoja alitaja yake.

"Nenda kwa Muzungu," mama alisema. "Yeye ndiye wa mwisho kumuona."

Njia zilikuwa zimefunguka. Nilipanda gari mpaka Nyanza-Lac na jingine mpaka Rumonge. Nyumba yetu ilikuwa na watu wengine, walionikaribisha vizuri. Kiwanda kilikuwa kimekufa, michikichi imemea katikati ya mabati. Yeye alikuwa palepale, mzee sana, mwepesi kama nguo iliyoanikwa, akitunzwa na mama mmoja wa jirani aliyempikia. Mikono yake ilitetemeka muda wote, hata ikiwa imelala magotini. Nilidhani hatanijua.

"Dada Fundi," alisema. "Amahoro."

Aling'ang'ania kunimiminia chai yeye mwenyewe. Nusu ilikwenda mezani. Nilimwacha, kisha nikafuta kwa ncha ya kanga bila yeye kuona. Aliuliza habari za mama, za watoto wangu, za cherehani. Hakuuliza habari za Saleh. Tulizungumza juu ya bei ya ndagala, wote wawili, kwa muda mrefu, kama watu waliokutana sokoni.

Kisha akasema: "Ile kamyo. Ile iliyowachukua. Ilikuwa ya kiwanda. Ilikuwa imekufa wiki nzima. Askari waliniambia niitengeneze, na mimi niliitengeneza. Asubuhi ile, mbele ya kuvaa tai. Sikujua ni ya nini."

"Najua," nilimwambia. Mtaa mzima ulijua. Rumonge ilikuwa na fundi mmoja tu.

"Mulijua? Na mama yako?"

"Na mama."

Alitikisa kichwa taratibu, akangoja. Nilijua anangoja neno gani. Lilikuwa neno dogo, na nilikuwa nimelibeba tangu Ujiji nikidhani nitalitoa kwa urahisi. Nilifungua mdomo, halikutoka. Sikuwa na hasira naye. Halikutoka tu. Akaona, akageuza uso akatazama dirishani.

Ikabidi niulize nililotumwa. Nilimweleza habari za mama, na hitima, na kwamba anataka siku ya wiki na hakuna aliyebaki kuijua isipokuwa yeye. Shampioni akafumba macho. Midomo yake ilicheza, vidole vikigusana kimoja baada ya kingine, vikikosana, vikianza upya. Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Alihesabu mpaka kuni zikaisha. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye ile pua.

Alifumbua macho, akanitazama sawasawa.

"Jumanne," alisema.

Alisema haraka, kwa sauti tunayomwambia nayo mgonjwa kwamba kesho ataamka. Nilimshukuru. Nilimbusu mkono, nikaosha vikombe viwili, nikaenda kutafuta gari.

Mama alikuwa macho nilipofika Ujiji. Nilimwambia. Alinishika kidole.

"Jumanne," alisema. "Nilijua. Miaka yote hii, kila Jumanne moyo ulikuwa unanishtuka."

Nikamwambia ndiyo, mama.